Gololi Kwenye Reli za Shaba

Mume wangu alirudi kutoka mgodini mchana kweupe, kwa miguu yake mwenyewe, ameshika chombo chake cha chakula mkononi, na ndiyo maana sikuelewa mara moja kwamba ameachishwa kazi. Nilidhani amesahau kitu. Nilikuwa nimekaa mbele ya chumba chetu pale kambini, upande wa Geita, nachagua mawe kwenye maharage. Akaketi kizingitini, akasubiri pumzi imrudie. Siku hizo ilikuwa inachelewa kurudi.

“Baba, mbona mapema?”

“Wamenipima kifua.”

“Wakasema?”

“Wamesema nikapumzike kwetu.”

Sikuuliza tena. Pale kambini wanawake wote tulijua maana ya mtu kuambiwa akapumzike kwao. Tulikuwa tumeshawaona waliotangulia wakisaidiwa kupanda lori na mabunda yao, na hatukuwahi kumwona hata mmoja akirudi kusema amepona. Nikaendelea kuchagua maharage. Yangepikwa tu, hata kama dunia imepinduka.

Ilikuwa miaka michache baada ya askari kurudi kutoka Burma. Mume wangu hakwenda vitani. Yeye alikwenda shimoni. Kazi yake ilikuwa kutandika reli za matoroli, yale yanayobeba mawe ya dhahabu kutoka ndani. Hakushika mashine ya kutoboa mwamba, na kwa muda mrefu tulijidanganya kwamba vumbi ni la wale wanaoshika mashine. Lakini vumbi la mawe halichagui. Anayetandika reli anapita njia ileile, anavuta hewa ileile.

Kazi yake aliipenda. Alikuwa akinieleza jioni, tukila, jinsi reli inavyotaka kuteremka kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, ili toroli lililojaa liende lenyewe bila kukimbia. Ukiizidishia mteremko, toroli linaruka kwenye kona na kumvunja mtu. Ukiipunguzia, linalala. “Reli ni kama mtu mwenye adabu,” alikuwa akisema. “Haikimbii, haisimami.” Mimi nilikuwa nasikiliza nusunusu, kama mke anavyosikiliza habari za kazi ya mumewe.

Mimi kwetu ni Ushetu, na baba yangu alikuwa fundi wa kuvuta waya. Sisi Wasumbwa tumeijua shaba tangu zamani. Baba alikuwa na kipande cha chuma chenye matundu, kila tundu dogo kuliko jirani yake, na alipitisha shaba humo akiivuta kwa nguvu za mwili mzima mpaka ikawa nyembamba kama uzi, tukasuka bangili za mikono na za miguu. Kuvuta ilikuwa kazi ya wanaume, kusuka kazi yetu. Kwa hiyo nilipofika mgodini na kukuta nyaya za baruti zimetupwa kwenye lundo la mawe, sikuweza kuziacha. Zilitoka shimoni zimechanganyika na vifusi baada ya mlipuko, fupifupi, zimevishwa ganda. Hakuna aliyezitaka. Nilizimenya ganda, nikazinyoosha, nikasuka bangili kwa ajili ya wanawake wa kambini. Tulipoondoka Geita nilikuwa na furushi zima la shaba, nimelifunga kwenye kaniki.

Tulisafiri kwa lori, tukavuka kwa pantoni, tukapanda gari moshi Mwanza. Stesheni ya Shinyanga mume wangu alishuka, na badala ya kwenda kwenye kivuli ambako kaka yake alikuwa akimngojea, akainama kutazama reli. Akaweka kiganja juu ya chuma kilichochomwa na jua. Kaka yake akadhani ameanguka, akaja mbio.

Huyo kaka mtu ndiye aliyetupokea. Alikuwa na mji wake wa misonge michache, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini, na ng’ombe wachache waliobaki baada ya ukame, na shamba la pamba. Alitupa msonge mmoja pembeni mwa zizi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, ambaye mdogo wake alimwondokea akiwa kijana mwenye nguvu na sasa amerudishiwa mtu asiyeweza kuinua jembe.

Mwanzoni tulihangaika na dawa. Dresa wa zahanati, kijana mpole, alimwekea chombo kifuani akasikiliza sana, kisha akasema anywe maziwa.

“Maziwa yataondoa vumbi?” nikamwuliza.

“Hapana, mama.”

“Kitu gani kinaliondoa?”

Akakunja mpira wa chombo chake taratibu. “Anywe maziwa,” akarudia.

Tulikwenda kwa waganga pia. Mmoja alimpa mizizi ya kuchemsha, mwingine akamchanja kifuani. Mume wangu alikubali vyote kwa heshima, na baada ya kila kimoja alikohoa vilevile. Mwisho akasema hataki tena kubebwa kwenye baiskeli kwenda kwa mtu yeyote. Basi akawa anakaa. Asubuhi namtolea ngozi ya ng’ombe nje, anaegemea ukuta. Jua likipanda namrudisha ndani. Mtu aliyezoea kazi akikosa kazi anaanza kutazama mikono yake. Nilimwona akiitazama.

Gololi zililetwa na kaka yake. Alikwenda mjini kupeleka pamba, na lori moja kwenye kiwanda cha kuchambulia lilikuwa limevunjika gurudumu. Fundi akatupa gololi za chuma zilizokuwa ndani, zikatapakaa mchangani. Kaka mtu akaziokota, akadhani zitafaa kwa kombeo la kufukuzia ndege. Zilikuwa na ukubwa wa njugumawe, nzito, zinang’aa. Alimwonyesha mdogo wake. Mume wangu akachukua moja, akaiweka kwenye mkunjo wa ngozi aliyokalia. Ikateremka, ikageuka mahali ngozi ilipogeuka, ikasimama kwenye goti lake. Akairudisha juu. Nilikwenda kisimani, nikarudi, bado anairudisha juu.

Jioni ile akaniambia, “Mama, ile shaba yako iko wapi?”

“Ipo. Kwa nini?”

“Nataka kutandika reli.”

Nilitaka kumwambia kwamba shaba ile nimeiweka nisuke bangili, tubadilishane na mtama, kwa maana mtama wetu ulikuwa umekauka ukiwa bado haujatoa masuke. Lakini tangu turudi lile lilikuwa neno lake la kwanza lililoanza na “nataka.” Nikalifungua furushi.

Tulianza na kiunzi cha miti, cha kimo changu, nilichokifunga kwa kamba za ngozi. Kisha shaba. Alitaka nyaya mbili ziende sambamba, zimeachana kiasi cha gololi kuzikalia bila kupenya katikati, na chini yake vipande vifupi vya kuzishika, kama mataruma ya reli yenyewe. Waya wa baruti ulikuwa mwembamba mno, ukiweka gololi unabonyea. Nikasokota nyaya tatu kuwa waya mmoja, kama tulivyosokota kwetu za bangili nene. Hapo ukashika.

Yeye hakuwa na nguvu ya kusokota. Alikaa kwenye ngozi, mimi nikiwa nimesimama, akawa ananiambia.

“Shusha kidogo.”

Nashusha.

“Umezidi. Pandisha, nusu ya kidole.”

Napandisha.

“Hapo kwenye kona, waya wa nje uinuke kuliko wa ndani. La sivyo itaruka.”

“Nitajuaje umeinuka vya kutosha?”

“Gololi itakwambia.”

Na kweli ilisema. Iliruka ikaingia kwenye majivu, mara nyingi hata sikumbuki, mpaka siku moja ikaizunguka kona ile imelala ubavu, ikaendelea. Mume wangu alipiga paja lake. Hakusema kitu kwa sababu pumzi haikutosha, lakini alipiga paja.

Kufunga viungo kwa waya mwembamba hakukudumu. Vililegea kila tulipoviacha. Nikaenda mjini kwa fundi wa vibatari, yule anayetengeneza taa kwa makopo, nikamwomba lehemu. Alinipa mabaki, akanionyesha namna ya kupasha chuma na kusafisha kiungo. Moshi wa lehemu ulimkaba mume wangu, kwa hiyo kila kiungo kilipotaka kulehemiwa nilikibeba nje, upande upepo unakoelekea, nikakirudisha ndani kimepoa. Kazi ya siku moja ikawa ya siku nyingi. Na kati ya hizo nyingi, kulikuwa na siku ambazo hakuweza hata kuketi, na reli zilikaa zikishika vumbi la zizi.

Majirani walikuja kutazama. Wanawake walioniona nikitoka kisimani waliniuliza, “Mayu,” yaani mama, “mzee wako anajenga nini?” Nikawajibu ni njia ya gololi. “Inakwenda wapi?” Nikasema inakwenda chini. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu niliposikia mwenyewe nilivyojibu sikuona jibu jingine.

Ilipokamilika ilikuwa hivi. Gololi iliwekwa juu kabisa ya kiunzi. Ikateremka kwa mstari mrefu, ikapinda kona, ikaingia kwenye mzunguko uliojikunja kama pembe ya kondoo, ikazunguka humo ikishuka, ikatokea chini yake. Hapo palikuwa na kijiko kilichoning’inia. Gololi ikiingia kinainama, kinaitema kwenye reli ya pili inayorudi upande ilikotoka. Chini ikagonga njuga ya mbuzi na kutua kwenye kibuyu. Ukitia moja baada ya nyingine, zilifuatana kwa sauti kama mvua inayoanza kwenye majani makavu. Kaka yake alikuja na wake zake, wakasimama mlangoni. Alizitazama mpaka zote zikafika chini.

“Wabeja,” akasema, asante, neno ambalo sikuwa nimemsikia akimwambia mdogo wake tangu tufike. Kisha akauliza, “Sasa?”

“Sasa unazirudisha juu,” mume wangu akajibu.

“Kwa mkono?”

“Kwa mkono.”

Kaka mtu akatikisa kichwa, akaenda kwenye ng’ombe wake. Hakukusudia ubaya. Lakini neno lile lilimwingia mume wangu, na tangu siku ile hakufurahia tena gololi zikishuka. Alifikiria kupanda kwake.

Aliniambia kwamba kwenye mgodi mmoja alikokuwa ametandika reli, kulikuwa na mteremko mkali, na hapo juu waliweka gurudumu na kamba. Toroli lililojaa liliteremka upande mmoja, likalivuta lililo tupu kupanda upande wa pili. Hapakuwa na injini wala mtu wa kusukuma. “Uzito wenyewe ulifanya kazi,” akasema. “Gololi inayoshuka impandishe mwenzake. Huyo akifika juu, na yeye ashuke ampandishe mwingine. Mtu hatagusa kitu.”

Tukatengeneza gurudumu kwa shaba, na vikombe viwili vya bati, na uzi wa pamba. Gololi ikaingia kwenye kikombe cha juu. Ile ya chini ikanyanyuka kidogo, vikombe vikasimama sawa, vinaning’inia. Akasema gurudumu linakwaruza. Nikalisugua kwa mafuta ya ng’ombe. Vikasimama sawa. Akasema uzi ni mzito. Nikasuka mwembamba zaidi. Akasema kikombe cha chini kipunguzwe, nikakikata mpaka kikawa kama ukucha, ndipo ile ya chini ikapanda. Ikapanda vizuri kabisa, ikafika juu, ikaanza safari yake kwenye reli. Mume wangu alifumba macho kwa furaha. Kisha nikatazama: kikombe kizito kilikuwa kimebaki chini na gololi yake, na hapakuwa na kitu cha kukirudisha juu.

Tuliendelea hivyo kiangazi kizima. Alinilaza na gurudumu, akaniamsha na gurudumu. Mimi si mtu wa shimoni, lakini nimesokota shaba maisha yangu yote, na mikono yangu ilikuwa imeshaelewa kitu ambacho sikutaka kukisema. Siku moja nikakisema.

“Baba, lile toroli lilipanda kwa sababu lilikuwa tupu.”

Akanitazama.

“Lingekuwa limejaa kama mwenzake,” nikasema, “lisingepanda.”

Nje kulikuwa na upepo, na mahindi machache ya shemeji yalikuwa yakikwaruzana. “Najua,” akasema. “Nilijua tangu mwanzo.” Kisha akaniomba nilegeze uzi tujaribu tena.

Tukajaribu tena.

Baadaye alichoka hata kujaribu. Nikawa mimi ndiye gurudumu. Nikimaliza kazi za asubuhi nakaa karibu naye, nachukua gololi kwenye kibuyu, naipandisha, naiachia, inashuka, naipandisha. Macho yake yalizifuata. Nilidhani namfanyia jema, na labda nilimfanyia, kwa muda. Mpaka siku moja akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyepesi kama vya mtoto.

“Usinipandishie tena,” akasema. “Ziache chini.”

“Zimekuudhi?”

“Hapana. Naona unavyochoka.”

Nikaziacha.

Hata hivyo sikukibomoa kile kiunzi, nikidhani atakitaka tena. Kilichokibomoa ni ndama. Kaka mtu alikuwa akiwapitisha ng’ombe kwenda kwenye maji, ndama mmoja akashtuka, akaingia msongeni kwetu mbio. Mguu ukanasa kwenye reli, naye alivyozidi kurusha mateke ndivyo alivyozidi kujifunga, akaburuta kila kitu mpaka nje. Nilipofika, shemeji alikuwa amemlaza ndama chini anamfungua shaba miguuni, anamtukana, na mume wangu alikuwa ameegemea ukuta anacheka. Kicheko kile kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kikatoa damu.

Nilijaribu kuinyoosha. Lakini shaba ukiikunja na kuikunjua inakuwa ngumu, kisha inakatika. Ili ilainike lazima uirudishe motoni, na moto una moshi, na yeye hakuweza tena kuvumilia moshi hata wa kupikia uliotoka nyumba ya jirani. Nilinyoosha nilichoweza. Kona ile ya kwanza, iliyotuchukua siku nyingi kuliko zote, ilikatika mkononi mwangu.

“Nitaisuka upya,” nikamwambia.

“Acha, mama.”

“Shaba bado ipo.”

“Shaba ipo,” akasema. “Mimi ndiye sipo.”

Alikufa kabla ya mvua, alasiri, shemeji akiwa amemshika mabega ili apate kuvuta hewa. Mimi nilikuwa nimemshika miguu. Hakusema neno la mwisho. Alikuwa anafanya kazi ya kuvuta hewa, akaacha.

Binti yetu, aliyeolewa Nkome na mvuvi, alifika mazishi yamekwisha. Safari ni ndefu na habari ilichelewa. Alilia, akaniuliza baba yake alikuwa akifanya nini miezi ile yote. Nikamwonyesha lile fungu la shaba lililokunjamana kama kiota cha ndege. Aliligeuza, akatafuta juu yake na chini yake, hakujua wapi ni juu wala wapi ni chini.

Baada ya matanga shemeji aliniita mbele ya wazee. Akasema kwa adabu kwamba msonge ule utabaki wangu, na kwamba kwa desturi yao yeye yuko tayari kunichukua. Nikamshukuru, nikamwambia nitamfuata binti yangu. Sidhani kama alihuzunika. Aliniuliza kuhusu shaba. Wake zake walikuwa wameiomba. Nikawasukia bangili kwa mikono yangu mwenyewe, siku nzima, nikiipasha motoni na kuinyoosha na kuisokota. Moto sasa niliuwasha mkubwa kama nilivyotaka. Walizivaa, zikawapendeza.

Nkome nilianika furu, samaki wadogo wa ziwani. Unawatandaza juani juu ya majani, unawageuza, unafukuza ndege. Upande wa ziwa kuna maji mengi kuliko niliyoyaona maisha yangu yote, na hewa haina vumbi. Niliwaza mara nyingi kwamba kifua chake kingepumzika hapo kidogo. Lakini hata hilo sina hakika nalo. Dresa alisema hakuna kinachoondoa.

Siku moja binti yangu aliniomba nimchoree ile njia ya gololi, aielewe. Nikachukua kijiti, nikachora mchangani kiunzi, na mstari mrefu wa juu. Nikafika kwenye kona nikasimama. Sikuweza kuonyesha mteremko kwa kijiti. Mchangani kila kitu kilikuwa kimelala.

“Hapa ilishuka,” nikasema. “Na hapa pia ilishuka.”

“Kiasi gani?”

Nikanyoosha mkono hewani, nikauinamisha, nikaona nimezidisha, nikauinua. Sikuupata tena ule mteremko. Aliyekuwa akiniambia nishushe au nipandishe hakuwepo. Wanawake wenzangu wakaita kwamba wingu limetanda upande wa ziwa na samaki watalowa, nikajifuta mchanga magotini, nikaenda kusaidia kuwaanua.